Tafakari ya wiki: Siku uliposimama kando

Shalom wapendwa. Leo naanza na kitu cha ajabu kidogo, kuna zile kwizi za kwenye simu zinazokupima tabia halafu zinakuweka kwenye kiboksi kimoja kati ya 9, mwema au mwovu au wa katikati, mfuata sheria au mtu wa vurugu au tena wa katikati, basi mimi nikajibu maswali yote nikaambiwa niko katikati ya katikati, yaani sina upande kabisa. Nikafurahi jamani. Nikaona kumbe mimi ni mtu wa amani, sina neno na mtu.

Kumbe viboksi hivyo vimetoka kwenye gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, iliyotoka 1974 ikiwa na pande 3 tu, sheria, katikati na vurugu, wema na uovu vikaongezwa baadaye. Na kwenye gemu yenyewe mchezaji anamchagulia mhusika wake upande, ila msimamizi wa mchezo anaangalia huyo mhusika anafanya nini, akiona matendo yanaenda kwingine anaweza kumbadilishia. Sasa kwizi haina msimamizi. Inakuuliza ungefanya nini, unajijibia mwenyewe umekaa zako kwenye kochi. Petro naye angepewa kwizi jioni ile angepata maksi zote, si alishasema hata wote wakimwacha Bwana yeye hamwachi (Mathayo 26), na sidhani alikuwa anadanganya, aliamini kabisa. Akaja kijakazi mmoja tu na swali lake, Petro akamkana Bwana.

Ila kilichonichoma ni Obadia, kile kitabu cha sura 1 tunachokirukaga. Edomu ni uzao wa Esau, ndugu wa damu wa Yakobo, na siku wageni wanaingia malangoni wanaipigia Yerusalemu kura waigawane, yeye akasimama kando. Mstari wa 11 unamwambia na wewe ulikuwa kama mmoja wao. Hebu ona, hapo hata upanga hajashika! Kasimama tu. (Ukisoma mpaka wa 14 utakuta ameshaanza kupora na kuwakamata wanaokimbia, huko kando hakukaa sana.)

Najua kuna atakayesema mbona Yesu alikataa kuamua ugomvi wa urithi, Luka 12. Kweli alikataa, na si kila ugomvi ni wa kuingilia, wengine tunajiingiza kwa umbea tu halafu tunasema tunatetea haki. Lakini hakuwaacha hivihivi, palepale akawaonya juu ya choyo.

Mimi siku mbili kabla ya hiyo kwizi nilikaa na watu baada ya ibada wakawa wanamsema dada mmoja kwa jambo ambalo najua hakufanya, najua kwa sababu nilikuwepo. Nikainamia simu nikajifanya nasoma meseji. Kwenye kwizi hakukuwa na swali kama hilo, na lingekuwepo najua ningejibu nini, ningejibu vizuri sana.

Wale watu bado sijaongea nao. Tunakutana tena Jumapili, niombeeni.