Jinsi nilivyohamishia programu ya shangazi kwenye seva ya Linux

Kwa miezi minne, programu ya kupokea oda za pilau na biriani niliyomtengenezea shangazi yangu ilikaa ndani ya kompyuta yangu ya mkononi, juu ya kabati, nyumbani kwetu Majengo, Mombasa. Umeme ulipokatika, oda nazo zilikatika. Harusi za Mfungo Mosi zilipokaribia nilikata shauri kukodi seva ndogo, yaani kompyuta inayokaa hewani muda wote, iliyoko Frankfurt, Ujerumani, yenye kiini kimoja cha kichakataji na memori ya gigabaiti 1, nikaiwekea mfumo wa Linux uitwao Ubuntu 24.04 LTS, toleo la Aprili 2024 ambalo limeahidiwa masasisho ya usalama kwa miaka 5. Umbali haukunitia wasiwasi, kwa kuwa nyaya za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu, ukiwemo ule wa TEAMS uliovutwa kutoka Fujairah mwaka 2009.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mpangilio. Kwa mtu wa Mombasa neno "poti" humpeleka moja kwa moja Kilindini, na mfano huo unafaa, kwa sababu ukuta wa moto wa seva hufanya kazi kama askari wa lango la bandari: asiyetajwa kwenye orodha haingii. Poti za seva ni milango yenye namba, nami niliruhusu poti 80 na 443 za wavuti, nikawasha ukuta kwa amri ya ufw enable, nikaulizwa kama nina hakika kwa kuwa mawasiliano ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, huenda yakavurugika, nikajibu ndiyo bila kusoma vizuri. Dirisha nililokuwa nimelifungua liliendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa hiyo nikalifunga na kwenda kuswali Isha nikiwa na furaha. Niliporudi sikuweza kuingia. Poti 22, ambayo ndiyo mlango wangu mwenyewe, sikuwa nimeiandika. Niliokolewa na skrini ya dharura iliyomo katika ukurasa wa kampuni inayokodisha seva, ambayo haipitii SSH, na tangu siku hiyo sifungi dirisha la zamani kabla ya kufungua jipya na kuhakikisha kwamba linaingia.

Nilipoingia tena nilifungua logi ya /var/log/auth.log, nikakuta mistari mingi ya watu, au tuseme mashine, wakijaribu kubahatisha neno la siri la root, yaani msimamizi mkuu wa seva, ilhali seva haikuwa imemaliza hata siku moja hewani. Nilitengeneza jozi ya funguo za kidijitali za kuingilia badala ya neno la siri, nikapeleka ule wa umma kwenye seva, kisha nikazima kuingia kwa neno la siri katika sshd_config, faili ya mipangilio ya SSH. Hata hivyo seva iliendelea kuruhusu kuingia kwa neno la siri, nami nilirudia kuisoma faili ile mara tatu bila kuona kosa. Amri ya sshd -T, ambayo huonyesha mipangilio inayotumika kweli, ndiyo iliyonifumbua macho: ndani ya folda ya sshd_config.d kulikuwa na faili nyingine ndogo iliyosema "yes", na kwa kuwa husomwa mwanzo, neno lake ndilo lililoshika.

Kuweka PostgreSQL, ambayo ni hifadhidata, na Nginx, inayopokea wageni wa wavuti, hakukunisumbua. Programu yenyewe nimeiandika kwa Django, zana ya kutengenezea programu za wavuti, nayo huendeshwa na programu nyingine iitwayo Gunicorn nyuma ya Nginx. Ukurasa ulipofunguka mara ya kwanza ulikuwa maandishi matupu, bila rangi wala picha hata moja ya sinia la biriani. Nilikuwa nimeweka faili hizo chini ya /home, na katika matoleo ya sasa ya Ubuntu folda ya nyumbani ya mtumiaji haisomeki na wengine, akiwemo www-data ambaye Nginx hutumia jina lake. Rafiki mmoja alinishauri nitoe ruhusa ya 777, inayomruhusu yeyote kusoma na kubadilisha, kwa kila kitu. Ushauri huo husikika sana, nami nauona kuwa sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umekwama. Nilihamishia faili /var/www, tatizo likaisha.

Cheti cha Let's Encrypt, kinachowezesha mawasiliano ya ukurasa kusimbwa, nilikipata kwa programu ya certbot ndani ya dakika chache. Hudumu siku 90, na programu hiyo hukihuisha yenyewe.

Kisha ikaja Ijumaa ya harusi. Shangazi alinipigia simu magharibi.

"Mwanangu, mbona programu haifunguki? Watu wa Kongowea wanataka kuongeza sahani."

"Shikamoo shangazi. Nipe dakika kumi."

Skrini ilionyesha kosa la 502, maana yake Nginx iko hai lakini programu iliyo nyuma yake haijibu. Zamani ningeanza kubadilisha mipangilio kwa kukisia. Safari hii niliita kwanza journalctl -k, amri inayoonyesha kumbukumbu za kiini cha mfumo, nikaona mstari uliosema kwamba memori imekwisha na mchakato wa Gunicorn umeuawa. Nilikuwa nimeweka wafanyakazi 9, yaani michakato inayohudumia wateja, nikidhani wingi ni kasi, ilhali kanuni inayopendekezwa na Gunicorn ni mara mbili ya viini, ongeza moja, yaani 3 kwa seva yangu. Nilipunguza, nikaongeza faili ya swap (nafasi ya diski inayosaidia memori) ya gigabaiti 2, nikawasha upya. Sahani za Kongowea ziliingia.

Lililobaki ni saa. Nilipanga nakala ya hifadhidata ichukuliwe saa nane usiku, nikakuta inachukuliwa saa kumi na moja alfajiri, wakati ambapo shangazi ameshaamka na anahakiki oda za siku. Seva ilikuwa ikihesabu kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko saa tatu nyuma yetu. Niliiwekea saa za Africa/Nairobi kwa amri ya timedatectl, nikawasha upya cron, huduma inayoendesha kazi kwa ratiba, na usiku uliofuata nakala ilikuwa tayari kabla ya adhana.