Baridi ya Uyole, Robux 10

Disemba 2022 nilikuwa nimemaliza fomu foo nasubiri matokeo, mama akaona nitashinda nimelala tu Iringa, akanipakia basi niende Mbeya kwa shangazi nikamsaidie dukani Mwanjelwa. Shangazi anauza kanga na vitenge, na kwenye kona ya duka ana cherehani mbili, moja anashonea yeye, nyingine ya fundi. Kazi yangu ilikuwa kukunja doti, kushusha mzigo juu ya shelfu, na kukaa pale akienda kunywa chai ya saa nne. Mvua ikishika hakuna wateja, na Mbeya mwezi ule mvua ikishika imeshika kweli.

Kwa hiyo mchana mwingi nilikuwa na leptopu ya binamu. Nilikuwa nacheza Roblox, ule mchezo wa mtandaoni, tangu fomu tuu, lakini wakati ule kucheza kulishanichosha, nilichokuwa nataka ni kutengeneza nguo za avata, yaani yule mtu wako wa kwenye mchezo, na kuziuza. Binamu ana kadi ya benki, nikampa hela niliyopewa na mama ya matumizi akanilipia Premium, uanachama wa kulipia, wakati ule dola 4.99 kwa mwezi, ulikuwa unapata Robux 450, yaani pesa ya mchezo, na ruhusa ya kuuza. Kufungua grupu lako, yaani duka, 100 ikaenda. Zikabaki 350. Wakati ule kila shati au suruali uliyopandisha ilikuwa inakula 10, na ukiiuza 10 mkononi inakuja 7, maana Roblox walikuwa wanakata asilimia 30. Yaani nguo moja lazima inunuliwe mara mbili ndo uanze kuona faida, na mimi siku ya kumi nilikuwa nimepandisha nguo sita na nimeuza tatu. Sio tatu kila moja. Tatu zote.

Kilichoniuma ni kwamba nguo zenyewe zilikuwa nzuri, nasema hivi nikiwa naziangalia mpaka leo. Patani ya shati la Roblox ni picha ya pikseli 585 kwa 559, mbele ya kifua ni mraba wa 128 kwa 128, nyuma vile vile, ubavuni 64 kwa 128, halafu mikono nayo ina pande zake nne. Ukichora ua la kitenge likaanzia mbele lazima ulimalizie ubavuni sehemu ile ile, la sivyo avata ikigeuka unaona ua limekatwa kama limepitiwa na panga. Watu wengi hawahangaiki na hilo. Mimi nilikuwa nakesha nalo.

Jumamosi moja mvua inanyesha shangazi akaja nyuma yangu na kikombe cha chai, akasimama, akaangalia muda mrefu bila kusema kitu.

"Hii si patani hii?"

"Ndio shangazi, ni patani ya shati."

"Na huu mshono wa ubavuni umeuoanisha mwenyewe?"

Nikamwambia ndio, nikamzungushia avata aone. Akavuta stuli. Mimi nilidhani ataniambia niache michezo nikunje doti, kumbe ameweka chai chini anataka aone mgongoni. Akaniuliza mnauziana na nani, nikamweleza, akaniuliza bei, nikamweleza na ile ya kukatwa 30 kwenye mia, akaguna kidogo akasema hata mwenye fremu anachukua chake. Halafu ndo akauliza swali ambalo mi sikuwahi kujiuliza.

"Inaitwaje?"

Nikasoma jina nililoandika. Ilikuwa ni yale majina ambayo kila mtu anaandika kule, treni ya maneno ya Kizungu, nyeusi, hudi, kyuti, emo, ya miaka ya elfu mbili, yote kwenye mstari mmoja mpaka herufi 50 zinaisha, ili mtu akitafuta neno lolote kati ya hayo nguo yako itokee. Na ilikuwa inatokea kweli, ila inatokea katikati ya maelfu ya hudi nyeusi zenye treni ile ile.

"Hilo sio jina," shangazi akasema. "Hayo ni maelezo. Mtu akiipenda akaja kesho na mwenzake, ataiulizia anasema anataka nini?"

Akaamka akavuta doti mbili tatu kwenye shelfu akazikunjua mezani juu ya leptopu ya watu. Kanga unajua ina pindo, ina mji, ina jina. Akaniwekea kidole kwenye jina. Akasema hii na hii rangi ni moja, maua karibu yanafanana, hii Japo sipati tamaa sikati ikiingia haimalizi wiki, na hii nyingine (akanionyesha, ila sitalitaja jina lake manake bado zipo dukani) ina mwaka wa pili inakusanya vumbi. Akanambia soko la Mwanjelwa lilipoungua 2006 mzigo wake wote uliisha, alikuwa hana hata doti moja, lakini alipoanza tena kwenye meza ya barabarani wateja walikuwa wanakuja kumtafuta na majina vichwani, mama fulani nataka ile ya Sote abiria, ukiipata niwekee. Kitambaa kilishakuwa majivu miezi mingi. Watu walikuwa bado wanakidai.

Basi tukaanza. Tulikaa kwenye majina mpaka saa kumi na mbili jioni, na naomba nieleze vizuri hapa kwa sababu hii ndo sehemu ninayoikumbuka kuliko zote. Kwanza nilimbishia. Nikamwambia shangazi wanunuzi wa kule wengi hawajui Kiswahili, wanatafuta hudi kwa neno la Kizungu, nikiliondoa hawanioni kabisa. Akafikiri akasema sawa, neno la kuitia liache mbele, moja tu, kama unavyopiga kelele "vitenge hapa!", mtu akishageuka ndo umwambie jina. Hilo lilikuwa na akili sana. Kwa hiyo kila nguo ikawa na neno moja la kutafutia, halafu kistari, halafu jina lake.

Hudi nyeusi akaitazama akasema mwezi wa sita Uyole, wao wakiwa watoto walikuwa wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuvuna viazi, vidole havikunji, mdomo ukiongea unatoa moshi. Ikawa Baridi ya Uyole. Shati la kijivu likawa Ukungu wa Loleza kwa sababu mlima ulikuwa haujaonekana siku mbili. Bluu yenye michirizi nikaipa mimi Mvua ya Tukuyu, akacheka akasema hiyo haitakauka. Suruali yenye mistari inayopinda pinda ikawa Kona za Kitonga. Kuna moja nilitaka kuiita jina la mapenzi akakataa, akasema jina la mapenzi linauza haraka na linachakaa haraka, weka jina ambalo mtu lazima aulize.

Na ni yeye aliyesema niweke pindo. Mstari mwembamba chini ya kila nguo unaozunguka pande zote nne, pikseli nane tu, nukta nyekundu na nyeupe, ili mtu akiona nguo yoyote ya kwangu ajue mkono ni mmoja. Duka lenyewe tukawa tunaliita Pindo.

Jumatatu nikaandika majina yote upya. Kubadilisha jina ulikuwa hulipii, ila ili ziwe na pindo ilibidi nizipandishe zote sita upya, 60 ikaondoka. Siku tatu sijauza kitu. Nilipomwambia shangazi hata hakushtuka, akaniuliza "Umewahi kuona mtu ananunua sare peke yake?"

Hapo ndo nikawatafuta jamaa zangu watatu wa Iringa, tunacheza wote tangu zamani, nikashusha bei ya Baridi ya Uyole mpaka 5 ambayo wakati ule ndo ilikuwa ya chini kabisa unayoruhusiwa, wakanunua, nikatengeneza na suruali yake. Jumapili jioni tukaingia wanne kwenye seva moja ya Brookhaven, mji wa kuigiza ndani ya Roblox, sare tupu, kama watu waliotoka kichen pati. Tulikuwa tunatembea pamoja tu. Hatukumwambia mtu nunua, maana ukianza kutangaza pale watu wanakukimbia. Tukasimama kwenye benki, tukasimama shuleni, tukapanda gari moja. Bando ilikuwa inakata kila baada ya dakika kumi avata yangu inabaki imesimama kama sanamu, wenzangu wanaizunguka wananisubiri.

Kuna mtoto mmoja, nadhani wa Brazil maana alikuwa anachanganya na Kireno, akaanza kutufuata. Akaandika: mbona mmefanana? Rafiki yangu akamjibu ni sare. Akauliza nguo inaitwaje, akaambiwa. Akauliza Uyole ni nini. Nikaanza kumwandikia kwa Kizungu changu cha kuungaunga kwamba ni mahali, kuna baridi, shangazi yangu amekulia huko, kuna viazi, na nusu ya maneno chati ikawa inayageuza #### sijui kwa nini. Alichoambulia ni mahali, baridi, shangazi, viazi. Akaondoka. Baada ya kama dakika tano akarudi ameivaa.

Wiki ile niliuza 41. Mi nilikuwa sijawahi kuona namba yenye tarakimu mbili kwenye ukurasa ule, nilikimbia kumwambia shangazi akiwa na mteja, akanikata jicho, nikasubiri, mteja alipoondoka akasema "haya, arobaini na ngapi?" akachukua kalamu akaandika kwenye daftari lake la mauzo, chini ya doti za siku hiyo: Uyole 41.

Januari mwanzoni mtu akaiiba Baridi ya Uyole. Akaichukua picha kama ilivyo, akaipandisha kwenye grupu lake, jina lile lile mpaka kistari, ila pindo akalifuta. Niliumwa tumbo kabisa. Niliripoti, nikakaa nikamwonyesha shangazi nikitegemea atakasirika kama mimi. Aliangalia pale chini ambapo pindo lilifutwa, rangi imeachwa na doa doa, akasema "hajui kukunga." Basi. Akaniambia tengeneza nyingine.

Nyingine niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya babu mzaa mama, wa Kalenga. Alikuwa na mgolole mweusi, akiuvaa anafunga fundo bega moja, bega lingine wazi, na nilikuwa nimeshindwa wiki nzima kulichora lile fundo kwa sababu kwenye patani bega limekatwa vipande vitatu, mbele, nyuma na juu, na mkono ni kipande kingine kabisa. Shangazi akachukua shuka la mezani akanifunga mimi mwenyewe pale dukani, akaniambia ushike leptopu uchore unavyojiona. Fundo likakaa usiku wa pili.

Nikaanza kutafuta majina. Nikamtajia kama matano, mengine ya Mkwawa, mengine ya Lugalo, yeye anapinda kitenge hasemi kitu. Mwisho akainua kichwa.

"We mtoto, hiyo si ina jina lake?"

Nikaandika Mgolole. Bila neno la mbele, bila kistari, na pindo safari hii sikuweka. Nikabonyeza, 10 ikakatwa. Mpaka matokeo yanatoka na narudi Iringa ulikuwa umenunuliwa mara tisa, na daftarini kwa shangazi una mstari wake.