Taa ya maji kwenye dizeli ikiwaka, usimkimbilie fundi wa kukata waya

Fundi akikwambia "sensa imekufa, tuikate" kabla hajagusa koki ya chini ya filta ya dizeli, mpe hela ya soda uendelee na safari yako. Sensa ya maji haifi ovyo. Mara nyingi inasema kweli, ila hatutaki kuisikia kwa sababu tuna mzigo na bosi anapiga simu.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapanda na saruji kwenda Mafinga. Tumepita Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga uko mbele, taa ya njano ikawaka. Gari likaanza kukosa pumzi, ukikanyaga mafuta linasitasita. Nikaliweka pembeni. Utingo wangu akasema, "Kaka, si tupande tu, tukaangalie Ilula?" Nikamwambia Kitonga si mahali pa kwenda kujaribia gari, na maji yakifika kwenye pampu na nozeli, hiyo bili hatuilipi mimi na yeye.

Tukakata chupa ya maji ya kunywa katikati, tukaikinga chini ya filta, tukalegeza koki na kupampu kwa mkono. Mwanzo yakatoka meupe kabisa, ungedhani ni ya bomba. Halafu yakaja na vipande vyeusi vya utelezi, ndipo dizeli ikafuata. Iache chupa itulie kidogo: maji yanakaa chini, dizeli juu, kwa sababu lita ya dizeli ina kama gramu 840 wakati ya maji ni kilo nzima. Sensa yetu inategemea hilohilo. Ndani kuna boya lenye sumaku, linazama kwenye dizeli lakini linaelea kwenye maji. Maji yakijaa boya linapanda, swichi inaunganisha umeme, taa inawaka.

Tukawasha. Nguvu imerudi, taa bado iko palepale. Hapa ndipo wengi wanashika pilaizi.

Nilichomoa plagi ya sensa, taa ikazima. Maana yake waya kutoka pale hadi kwenye dashibodi ni mzima. Ingebaki inawaka, ningefuata waya nione wapi umechubuka ukagusa chesisi, na kwa kawaida ni pale unapopita kwenye kona ya bati bila mpira. (Hiki ni kipimo cha gari kama letu la zamani. Haya mapya ya kompyuta ukichomoa plagi yanaweza kuandika kosa jingine, ukajichanganya zaidi.)

Basi tukafungua sensa yenyewe. Boya lilikuwa limeganda juu, limeshikwa na ule ute mweusi. Ute huo ni vijidudu, vinaota pale maji na dizeli vinapokutana. Nikaliosha kwa dizeli safi na mswaki wa zamani, nikaigeuza sensa juu chini hadi boya likawa linateleza lenyewe. Oringi, ule mpira wa duara wa kuziba, nikaipaka dizeli kabla ya kuirudisha. Ukiifunga kavu inajikunja, halafu filta inavuta hewa na unaanza ugonjwa mwingine. Tukapampu hadi pampu ikawa ngumu mkononi, tukawasha. Taa kimya.

Kitonga tulipanda vizuri. Filta mpya niliweka Iringa mjini, kwa sababu karatasi iliyoloweshwa na maji siiamini tena hata ikionekana nzima.

Swali la maji yametoka wapi lilinichukua muda kuliko filta. Mfuniko wa tangi haukuwa na mpira wake, na mvua ilikuwa imetunyeshea njia nzima. Halafu tuna tabia ya kulala Makambako tangi likiwa nusu. Baridi ya kule inageuza unyevu wa ile hewa ya ndani kuwa matone. Siku hizi najaza jioni, sio asubuhi. Na dizeli ya madumu ya kando ya barabara nimemwambia bosi waziwazi: akitaka ninunue, aniandikie meseji kabisa kwamba yeye ndiye aliyeniagiza.