Uzi mweupe nyuma ya kitatange: tumbo la samaki wa bahari tukiwa Arusha

Baridi ya Juni ikishuka kutoka Mlima Meru, picha zinaanza kuja kutoka kwa wanaofuga samaki wa bahari kwenye matangi ya kioo, na zote zinafanana. Samaki wa miambani, kitatange au mwingine, uzi mweupe wa choo unaning'inia nyuma yake, na chini swali moja: nimpe Flagyl ngapi? Jibu ni bado. Uzi ule peke yake haujasema kitu.

Utumbo wa samaki hutoa ute muda wote. Asipokula siku mbili tatu, kinachotoka ni ute mtupu, na ute mtupu ni mweupe. Aliyeshiba ngisi na kamba naye hutoa choo kilichopauka, kwa sababu hakuna cha kukitia rangi. Kwa hiyo mpe kwanza kitu chenye rangi: kipande cha mwani, au kamba aliyesagwa na hoho nyekundu. Mwone anameza, maana wengi hutafuna na kutema, kisha angalia kesho yake. Choo kikitoka na rangi ya chakula na kukatika kikianguka, huna mgonjwa. Anakula kweli na bado uzi ni mweupe, mrefu, hauzami? Hapo tuendelee.

Mwangalie mgongo kuliko tumbo. Samaki anayekula huku anakonda huanza kupungua nyama nyuma ya kichwa na juu ya mstari wa ubavu, kiasi kwamba ukimtazama kwa mbele anaonekana kama kisu. Hiyo ni dalili ya minyoo au vidudu vya utumbo. Tumbo lililojaa pande zote mbili sawa, bila choo, kwa samaki aliyekula sana jana, huenda ni kufunga choo. Lililovimba upande mmoja tu kwa wiki kadhaa linaweza kuwa uvimbe wa ndani. Na lililovimba huku magamba yamesimama kama koni ya msonobari ni maji yaliyojaa mwilini. Hapo figo au viungo vingine vimeshaharibika na dawa ya tumbo haitamwokoa.

Kabla ya duka la dawa, kipimajoto. Arusha tuko kwenye mita 1,400 hivi, na usiku wa Juni na Julai si ajabu hewa kushuka hadi nyuzi 12 au 13. Samaki aliyevuliwa Tanga amezoea maji ya nyuzi 25 hadi 29. Mwili wake hauna joto lake mwenyewe, hivyo vimeng'enya vyake vya kusaga chakula hufanya kazi kwa kasi ambayo maji yanaruhusu. Umlishe saa moja jioni, umeme ukatike saa nne, maji yafike nyuzi 21 alfajiri: chakula kile kimekaa tumboni hakijasagika, bakteria wanakila badala yake. Asubuhi unaona tumbo gumu na samaki amejikunja pembeni. Watu husoma kipimajoto mchana wakaona 26 wakaridhika. Soma saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa tangi la lita 200 hapa weka hita mbili za wati 100, usiweke moja ya 200. Moja ikifa, nyingine inapunguza kasi ya kupoa; moja ikigoma kuzima, haina nguvu ya kuwachemsha. Miezi ya baridi lisha kati ya saa nne na saa nane mchana, na umeme ukikatika usilishe mpaka joto lirudi. Samaki mwenye afya hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Wenzetu wa mji wa Moshi wako chini yetu kwa mita 500 na zaidi, hivyo baridi si tatizo lao kubwa.

Mwinuko una mambo mengine mawili. La kwanza ni oksijeni. Maji ya bahari ya nyuzi 26 yakiwa pwani hushika takribani miligramu 6.7 kwa lita. Arusha ni kama 5.7, hata ukiyatia mapovu usiku kucha. Tangi la wagonjwa lenye dawa na samaki anayehema linahitaji pampu ya hewa inayofanya kazi kweli. La pili ni safari. Kupanda kutoka pwani hadi hapa kunapunguza shinikizo la hewa kwa karibu asilimia 15, sawa na kumpandisha samaki mita moja na nusu ndani ya maji. Kifuko chake cha hewa kinatanuka, na samaki wengi wa miambani hawana njia ya kuitoa ile hewa kwa mdomo; lazima ifyonzwe polepole na damu. Ndiyo maana mgeni kutoka Tanga anaweza kufika anaelea kichwa chini, tumbo limejaa. Kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili kwenye tangi lenye giza. Usimpe chochote siku hiyo. (Na mfuko wake usijazwe oksijeni ukawa kama ngoma; utatanuka huko njiani.)

Chakula ndicho kinachoua wengi, ila polepole, hivyo hakilaumiwi. Moyo wa ng'ombe bado unasifiwa, lakini mafuta ya ng'ombe huganda kwenye joto la mwili wa samaki, na ini linajaa mafuta. Dagaa wakavu walioanikwa mchangani huja na mchanga wao, na mafuta yao yakishakuwa na ukali puani yanadhuru ini vilevile. Kama ni dagaa tu ulio nao, waoshe, waloweke dakika 15, toa vichwa. Chembechembe kavu za pakiti nazo ziloweke dakika kumi kabla ya kulisha. Zikivimbia tumboni badala ya kwenye kikombe, kazi unayo. Samaki kama kangaja na tasi ni wala mwani: ukiwapa nyama kila siku wanafunga choo, ni suala la muda tu. Mwani mkavu unaolimwa Zanzibar na Tanga ni mzuri mno, osha chumvi na mchanga, ufunge kwenye jiwe kwa uzi, waache wakwangue siku nzima.

Joto liko sawa, chakula kiko sawa, na bado anakonda? Tafuta hadubini. Tangi la wagonjwa la lita 40 lisiwe na mchanga chini, na nje ya kioo cha chini bandika karatasi nyeusi ili uone choo kinapoanguka. Kivute kwa bomba la sindano mara tu kikitoka. Weka tone kwenye kioo kwa maji ya tangi lenyewe. Watu wa maabara kwa mazoea hutumia maji ya kawaida au ya chumvi ya hospitali, na hapo ndipo majibu hupotea: vidudu vya samaki wa bahari hupasuka kwenye maji mepesi, unaambiwa "hakuna kitu". Angalia ndani ya dakika kumi. Choo kilicholala tangini saa nzima kina wadudu wa majini waliokuja kula, nao watakudanganya.

Kwa ukuzaji wa mara 400, vidudu vyenye mijeledi vinaonekana kama mbegu ndogo za peasi zinazokimbia huku na huko bila mpango. Wawili watatu si habari, samaki wengi wanao. Wakijaa kila unaposogeza kioo, huyo ndiye wa Flagyl. Kwa mara 100 tafuta mayai ya minyoo. Yai lenye umbo la limau na kizibo kila ncha ni la kapilaria, aina ya mnyoo mviringo, na fundi wa maabara ya binadamu atalitambua haraka kwa sababu linafanana na yai la mnyoo mjeledi wa watoto.

Sasa dawa. Flagyl, yaani metronidazoli, tunaijua kwa amiba na giadia, na vile vidudu vya samaki ni ndugu wa giadia, hivyo mantiki ni ileile. Njia bora ni mdomoni. Kiwango ni miligramu 50 kwa kilo ya samaki kwa siku, siku 5 mfululizo. Mpime samaki hivi: weka ndoo ndogo ya maji kwenye mizani ya jikoni, isome, mtie samaki, isome tena. Tengeneza chakula chenye miligramu 10 za dawa kwa gramu moja, maana yake kidonge kimoja cha miligramu 200 kwa gramu 20 za chakula. Samaki wa gramu 60 anahitaji miligramu 3, basi anapewa gramu 0.3 za chakula hicho asubuhi akiwa na njaa, kisha mchana chakula chake cha kawaida.

Gramu 0.3 utaipimaje? Arusha hii! Mizani ya madalali wa tanzanaiti ndiyo tiba ya swali hilo, nazo ndogo za mfukoni si ghali. Karati moja ni miligramu 200, kwa hiyo gramu 0.3 ni karati moja na nusu. Kumbuka tu kwamba kidonge cha miligramu 200 chenyewe kina uzito zaidi ya huo kwa sababu ya unga wa kukishikanisha. Ukitaka nusu ya dawa, pima kidonge kizima, kisha chukua nusu ya uzito wake.

Kukichanganya: saga kidonge mpaka kiwe poda. Yeyusha gelatini isiyo na ladha gramu 1 kwa kijiko kimoja cha maji ya moto, changanya na kamba na mwani uliosagwa mpaka jumla ifike gramu 20. Subiri mchanganyiko upoe kiasi cha kuvumilika kidoleni ndipo utie dawa. Tandaza ndani ya mfuko wa plastiki, unene wa njiti ya kiberiti, gandisha, kata kwa wembe. Flagyl ni chungu, samaki wataitema. Maji ya kitunguu saumu matone machache husaidia kuficha.

Asiyekula kabisa anapewa majini. Bahati nzuri samaki wa bahari hunywa maji muda wote, tofauti na wa mtoni, hivyo kiasi fulani kitafika tumboni. Miligramu 5 kwa lita, kidonge kimoja kwa lita 40, kila baada ya siku moja, mara tatu, na kila mara badilisha robo ya maji kwanza. Toa mkaa kwenye chujio. Kidonge kisagwe, kikorogwe kwenye kikombe, kichujwe kwa kitambaa. Pima amonia kila siku, kwani tangi dogo huchafuka upesi. Samaki aliyepewa Flagyl asiliwe, hata kama ni tasi mnene.

Minyoo mviringo ni ya fenbendazoli, miligramu 25 kwa kilo, siku 3, rudia baada ya wiki 2. Maduka ya dawa za mifugo wanayo ya maji. Soma chupa, kuna ya asilimia 2.5 na ya 10. Kwa gramu 100 za chakula tia mililita 2.5 za ile ya asilimia 10, kisha mlishe asilimia 1 ya uzito wake kwa siku. Ya asilimia 2.5 itataka mililita 10, basi punguza maji ya gelatini kwa kiasi hicho, la sivyo haitashika. Usiipeleke kwenye tangi kuu lenye mawe na matumbawe. Inaua minyoo mizuri ya mchangani, inadhuru konokono, na huganda kwenye mawe kwa muda mrefu. Angalia pia wasikuuzie ile ya ng'ombe ya levamisoli: nyingi zimechanganywa na oksiklozanidi kwa ajili ya minyoo ya maini, na mchanganyiko huo achia ng'ombe.

Tegu wanaonekana kwa vipande bapa vyeupe kwenye choo. Prazikwanteli, ile ya kichocho ya miligramu 600: kidonge kimoja kwa gramu 120 za chakula, mlishe asilimia 1 ya uzito wake mara moja, rudia baada ya wiki.

Chumvi ya haluli, kwa maoni yangu, inapewa sifa isizostahili ikiwekwa majini. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita 20 huongeza kama miligramu 75 za magnesiamu kwa lita, wakati bahari yenyewe ina karibu 1,300, na samaki anainywa mchana na usiku. Itie kwenye chakula: gramu 3 kwa gramu 100, siku 2, kwa aliyefunga choo lakini bado anakula. Nunua ya duka la dawa. Ile ya magunia inayouzwa kwa wakulima wa nyanya na maua ni mbolea, haikusafishwa kwa ajili ya kumezwa.

Akifa, mpasue ndani ya saa moja, huku umevaa glavu. Ini la rangi ya siagi na lenye mafuta linakurudisha kwenye chakula. Vinundu vidogo vyeupe vigumu kwenye ini, wengu na figo vinaashiria kifua kikuu cha samaki, ambacho hakina tiba ya maana kwenye tangi na huingia kwa binadamu kupitia mchubuko, kikaacha vidonda vya mkononi visivyopona kwa miezi. Mfukie mbali na maji, na neti uliyomtoa nayo usiitumbukize kwenye tangi lingine kabla ya kuiloweka kwenye spiriti na kuianika juani mpaka ikauke kabisa.