Nilivyopata tathlitha kwenye migongo ya vitabu tisa

Nilitaka kutunga tathlitha, yaani shairi la mishororo mitatu, kwa kurundika vitabu ili majina yaliyo migongoni yasomeke kama mishororo. Ushauri niliopewa ulikuwa huu: chagua majina yanayovutia, yapange, shairi litajitokeza. Halijitokezi. Rundo langu la kwanza lilikuwa Rosa Mistika, Nagona, Mzingile, Gamba la Nyoka, Kichwamaji. Majina matamu, lakini ukiyasoma juu hadi chini ni mwalimu anaita mahudhurio. Yote ni nomino, na hakuna linalodai jingine.

Kilichonifungulia mlango ni Babu Alipofufuka. Ile "-po-" haikuachi utulie: alipofufuka, ikawaje? Nikaweka Kivuli Kinaishi chini yake, nyakati zikagongana. Nikaweka Dunia Mti Mkavu, ikakaa; Kiswahili hapo hakidai hata "ni". Nikahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Ba-bu-a-li-po-fu-fu-ka, nane. Du-ni-a-m-ti-m-ka-vu, nane (m inayosimama peke yake ni mizani kamili, wengi huiruka). Nane kwa nane! Ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), mshororo mzima, na sijaandika hata herufi moja.

Tangu hapo nachagua kwa hesabu kwanza, uzuri baadaye. Jina la mizani nane hujitegemea, la sita hutafutiwa la mbili, la nne hupewa la nne mwenzake. Kuli ni mbili na Sauti ya Dhiki ni sita, na vinajuana: riwaya ya wapagazi wa bandarini Zanzibar, na diwani ya mashairi iliyotungwa gerezani. Nikapata hili:

Babu alipofufuka, dunia mti mkavu
Kuli, sauti ya dhiki, siku ya watenzi wote
Kiu, nyota ya rehema, utengano, siku njema

Mshororo wa tatu pekee ndio wenye vina, rehema na njema. Ile miwili ya juu ni masivina na nimeiacha hivyo, kwa sababu kila nilipofukuzia kina, maana ilikufa.

Kupanga kwenyewe kuna mitego. Vitabu vyembamba vilivyobanwa kwa pini havina mgongo wa kuandikwa, viache. Maandishi yanayoteremka kutoka kichwa cha kitabu hutaka jalada la mbele litazame juu. Yanayopanda, geuza kitabu kifudifudi, la sivyo mstari mmoja utasomeka miguu juu. Huwezi kuweka kikubwa chini kila mara, maana shairi ndilo linaloamua nani awe chini. Linganisha migongo yote kwa rula upande wa mbele, kisha nyuma, pale kikubwa kinaponing'inia juu ya kidogo, jaza vipande vya boksi hadi rundo lisitikisike. Piga picha kwa mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni. Taa ya simu hung'arisha jalada la plastiki na kufuta herufi. Shusha simu hadi usawa wa kitabu cha tano, rudi nyuma hatua mbili, ndipo uvute picha karibu. Ukisogea wewe, migongo ya juu na ya chini hupinda.