Siku moja kwenye matangi ya Malargüe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alamu inalia na nje bado giza totoro, mwezi wa nne huku jua linachelewa mpaka karibu saa mbili asubuhi, na ile baridi inayoshuka toka milima ya Andes kwa mtu aliyekulia Tanga aisee inakuingia mpaka kwenye mifupa. Mi nasoma PhD, chuo chenyewe kipo Ujerumani ila mwezi huu niko Malargüe, Argentina, kwenye kituo cha Pierre Auger, kikubwa kuliko vyote duniani kwa kunasa mionzi ya kosmiki yenye nguvu kubwa, yaani chembe ndogo sana zinazotujia toka anga za mbali. Nyumbani wananiuliza kila siku nafanya nini huku, basi leo naandika yote.

Saa moja asubuhi tuko ndani ya pikapu, mafundi wawili wa hapahapa na mimi, nyuma betri mbili mpya na laptopu, mbele mate, ile chai yao chungu wanayopokezana kwenye kibuyu kimoja na mgeni hapitwi. Tunaenda kwenye tangi moja kati ya matangi ya maji tunayonasia hizo chembe, hili mchana linatuma data vizuri ila usiku linanyamaza, mafundi washajua betri imechoka. Matangi yako 1,660, mengi yakiwa kilomita 1.5 toka kwa mwenzake, yametapakaa kwenye nyika ya kilomita za mraba 3,000. Kwa nini eneo lote hilo? Kwa sababu chembe zenye nguvu ya elektronivolti 10^20 (elektronivolti ni kipimo cha nguvu za chembe) zinaanguka kama moja tu kwa kila kilomita ya mraba kwa miaka 100. Ukitega kasehemu kadogo utazeeka hujapata kitu. Na nguvu yenyewe ni zaidi ya mara milioni 10 ya protoni za ile mashine kubwa ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ndani ya kiini kimoja cha atomu!

Saa tatu hivi tumefika, baada ya kufungua na kufunga mageti ya wafugaji sijui mangapi. Kubadilisha betri hakuchukui muda. Ndani ya tangi kuna lita 12,000 za maji masafi kabisa na giza tupu, chembe ikipita humo kwa spidi inayoizidi ya mwanga ndani ya maji inaacha mwanga wa bluu hafifu, na vihisi vitatu vikubwa juu vinauona. Ila mi nimekuja kwa ajili ya lile bapa lililokaa juu ya tangi, sintileta, plastiki inayotoa mwanga ikipitiwa na chembe, maana thesis yangu iko pale.

Iko hivi. Watu wote wanataka kujua hii mionzi inatoka wapi, lakini hizi chembe zina chaji, na uga wa sumaku wa galaksi unazipinda njiani, kwahiyo upande zilikotokea siyo lazima ndo kwao. Kiini cha chuma kina chaji 26, kinapindwa mara 26 kuliko protoni yenye nguvu ileile. Sasa kama hujui umenasa protoni au chuma, utarudishaje njia nyuma? Kwa hiyo kabla ya kuuliza imetoka wapi uliza kwanza ni nini. Na huwezi kuishika, ikigonga hewa juu kabisa inapasuka ikawa manyunyu ya mabilioni ya chembe ndogo, sisi tunapata manyunyu tu. Protoni ni kama jiwe moja, linazama ndani zaidi ya hewa na kila moja linazama kivyake. Chuma ni kama konzi ya kokoto 56, nguvu inagawanyika, manyunyu yanakomaa juu zaidi, na yanaleta muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) nyingi zaidi chini. Maji yanazisikia muoni kuliko elektroni, plastiki inazisikia karibu sawa, ukilinganisha hizo mbili unaanza kuzitenganisha. Ndo maana ya hilo bapa. Kuna kitu kinaninyima usingizi pia, matangi yanahesabu muoni nyingi kuliko hesabu zetu za kompyuta zinavyotabiri, na hii inasumbua wengi siyo mimi tu.

Saa nane mchana mjini, maduka yamefungwa watu wamelala. Nakula mkate ofisini.

Saa tisa napiga simu nyumbani, kwao ni saa tatu usiku.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu, umekula?"
Nikamwambia nimekula. Akauliza na hivyo vitu vyenu, mshajua vinatoka wapi? Nikamwambia mama, mwaka 2017 wenzangu walichukua chembe zaidi ya 30,000 wakaona upande mmoja wa anga unaleta nyingi kidogo, na upande huo uko mbali na katikati ya galaksi yetu, kwahiyo zile za juu kabisa zinatoka nje, kwenye galaksi zingine. Akanyamaza kidogo akasema, "Kwahiyo ni wageni." Nimeandika hilo neno kwenye daftari.

Saa kumi mpaka jioni ni grafu na kuandika programu za kompyuta tu.

Saa tatu usiku wenzangu wa zamu wanafungua darubini. Ni 27, zinaangalia mwanga hafifu wa nitrojeni manyunyu yanapopita hewani, na hizi ndo zinaona moja kwa moja manyunyu yamekomaa kwenye kina gani. Zimetuonyesha kwamba kadiri nguvu inavyopanda juu ya elektronivolti 2×10^18 viini vinazidi kuwa vizito. Shida zinataka usiku usio na mwezi wala mawingu, kwahiyo zinafanya kazi asilimia kama 15 tu ya muda. Matangi hayalali, ndo maana naying'ang'ania.

Saa tano na nusu kabla sijalala nafungua ukurasa wa tangi letu la asubuhi. Volti ziko sawa, linatuma.