Heri nicheze drafti

Tangu Jumamosi silali vizuri kwa sababu ya kicheko. Kicheko changu mwenyewe.

Mnamjua Shangazi, tukikutana hakuna anayepona mdomo wake. Tulikuwa Tabata, mahari ya dada imepokelewa salama (harusi Januari, nitawaandikia), pilau limeshushwa, ndipo akamgeukia mdogo wangu, askari wa zimamoto: "Na wewe afande, kazi gani hiyo ya kushinda kituoni mnacheza drafti mkisubiri simu?" Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka. Yeye akamega nyama yake, akasema taratibu, "Heri nicheze drafti, Shangazi."

Basi, hakuongeza neno.

Jibu hilo limenifuata jikoni, limenifuata kwenye mwendokasi. Kwanza nililiona la unyonge, nikamkasirikia hata yeye. Kwa nini hakumwambia kwamba alikuwepo Kariakoo?

Maana alikuwepo. Jumamosi ile ya 16 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, jengo la ghorofa nne lilipoporomoka na watu madukani. Ukimsifia anakukatiza: waliotangulia kufukua ni wamachinga na wabeba mizigo, kwa mikono mitupu. Chini kabisa, kwenye maduka ya ardhini, kulikuwa na watu hai. Walipelekewa hewa ya oksijeni, maji na glukosi wakati waokoaji wanatafuta njia ya kuwafikia. Vijiko vilikuwepo, ila ukikosea kuvuta bamba moja la zege, jingine linawalalia walio chini. Kwa hiyo mtu anaingia kwa tumbo kwenye upenyo, na juu yake kuna jengo ambalo halijamaliza kuanguka. Zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai. Wasiotoka hai, hao hataki kuwazungumzia.

Aliporudi usiku, Mama alimwekea maji kwenye beseni. Akatumbukiza mikono, maji yakawa mazito kama uji. Feni ilikuwa inalia kama siku zote. Akasema, "Zima kwanza." Nikazima. Akakaa kimya ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Baadaye sana ndipo akanieleza. Umati unaombwa unyamaze, wanagonga zege, wanatega sikio wasikie anayegonga kutoka chini. "Sasa dada, unagonga, anajibu. Unagonga tena, anajibu. Halafu unagonga, hajibu." Akanyanyuka, akaenda kulala.

Jana nakunja nguo, nikakaa kitandani na shati mkononi. Heri nicheze drafti! Hakuwa anajishusha mbele ya Shangazi hata kidogo. Drafti ikichezwa mpaka jioni, maana yake 114, namba ya dharura ya zimamoto, haikuwaita kokote, hakuna mtoto wa mtu anayegonga zege gizani. Kijana wa watu alikuwa anataja anachokitaka kuliko vyote, na sisi tunacheka na matonge mdomoni.

Nikampigia. Nikamwambia nisamehe, nilicheka. Akasema, "Ulicheka lini, dada?" Kisha, kwa sauti ya furaha kabisa: "Leo nimewafunga wote hapa, tangu asubuhi."

Nimeshinda nalo hilo moyoni, tangu asubuhi, tangu asubuhi, natabasamu peke yangu kama mwenye mchumba.

Ila dawa ya presha ya Mama imebaki vidonge vinne, na duka la dawa la hapa mtaani wamesema mpaka Alhamisi. Kesho nikitoka kazini nitapitia Mbagala kuulizia.